Getini Kabla ya Saa Tisa

Siku ya Jumanne nilimdanganya naibu wa chifu. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya ofisi ya naibu wa chifu mwingine, kaunti jirani, nikimsubiri kwa hamu ya mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Sheria iliyonifanya niseme uongo Jumanne ndiyo niliyokuja kuiomba msaada Ijumaa. Tangu siku hiyo nina swali ambalo halinipi usingizi, na naliandika hapa kwa sababu nimechoka kuwa nalo peke yangu.

Nianze na Homa Bay. Kaka yangu anaishi pembeni mwa mji, mahali ambapo usiku usio na mbalamwezi unaweza kuona taa za wavuvi wa omena zimejipanga ziwani kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Ana watoto watatu: mvulana wa miaka 11, msichana wa miaka 9, na kitinda mimba wa miaka 5. Mimi ni dada ya baba yao, kwa hivyo wananiita Waya. Hawaendi shule. Mama yao, wifi yangu, ndiye anayewasomesha, hapo hapo nyumbani, kwenye meza ile ile ya kulia ugali.

Wifi alikuwa mwalimu wa BOM, wale wanaoajiriwa na bodi ya shule na kulipwa pesa ambayo ukiipokea unaihesabu mara mbili ukidhani noti zimeshikana. Machi 2020, Korona ilipofunga shule zote nchini, alijikuta na watoto wake mwenyewe kutwa nzima. Kama sisi wote, alidhani ni wiki mbili. Ikawa miezi. Madarasa machache yaliitwa Oktoba, wengine wakangoja hadi Januari 2021. Shule zilipofunguliwa, mtoto wake wa kwanza alirudi darasani kukiwa na watoto zaidi ya themanini, na siku moja akarudi nyumbani na alama za kiboko mgongoni. Kosa lake: alikuwa ameuliza swali mara mbili. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya tangu mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia marufuku hiyo. Lakini marufuku haikumfunika mtoto mgongo. Wifi aliona alama hizo wakati wa kumwogesha. Hakupiga kelele. Jumatatu iliyofuata hakumpeleka shule. Na Jumatatu iliyofuata hiyo pia hakumpeleka. Mpaka leo.

Sasa nikueleze siku yao inavyokwenda, maana watu wa Nairobi wakisikia "shule ya nyumbani" wanafikiria watoto wako kwenye kochi na katuni.

Saa kumi na moja na nusu wako macho. Mkubwa anafungulia kuku, wa kati anachemsha uji wa wimbi na mtama, mdogo anatafuta kiatu kimoja ambacho kila siku hupotea. Saa mbili kamili meza imefutwa, vitabu vimetoka. Ni vitabu vile vile vya mtaala wa umilisi ambavyo watoto wa jirani wanatumia, kwa sababu wifi hataki siku moja waambiwe kwamba wamesoma vitu vya ajabu. Kila mmoja anasoma Kiswahili kwa sauti, halafu hesabu. Saa nne ni chai na mandazi yaliyobaki. Halafu Kiingereza, halafu sayansi, ambayo mara nyingi hufanyika nje nyuma ya nyumba: wanapima mvua kwenye kopo, wanachora miguu ya panzi. Siku za soko mkubwa huenda na mama yake, na hesabu ya siku hiyo ni gorogoro. Ukinunua omena gorogoro moja kwa bei hii, ukaipima kwa vikombe, ukauza kila kikombe kwa bei ile, unabaki na ngapi? Nimeona watu wenye digrii wakishindwa na hesabu hiyo, mimi nikiwa mmoja wao.

Ni siku nzuri. Nasema hivyo bila kujilazimisha. Watoto hawa wanasoma kuliko nilivyosoma mimi katika umri wao, na wanauliza maswali bila kuangalia mkono wa mtu kwanza.

Lakini siku hiyo nzuri ina kanuni moja. Hakuna kuonekana getini kabla ya saa tisa. Saa tisa ndipo watoto wa mtaa wanaanza kurudi kutoka shuleni, na mtoto aliye nje wakati huo ni mtoto tu kama wengine. Kitinda mimba anaruhusiwa kutoka mapema zaidi, saa saba hivi, kwa sababu chekechea hufunga mapema. Kwa maneno mengine, kila mtoto ana saa yake ya kuonekana. Mpira ukiruka ukuta saa tano asubuhi, unabaki huko huko mpaka alasiri.

Siku yangu ya pili pale, yule wa miaka 9 aliniuliza tukiwa tunachambua mboga: "Waya, kwani sisi ni wakora?"

Nilicheka. Nikamwambia hapana, wakora ni wale wa kwenye habari. Hakucheka.

Jumanne hiyo wifi alikuwa sokoni na mkubwa. Mimi nilikuwa naanika nguo. Yule wa kati alikuwa ndani, karibu na dirisha, akimsomea mdogo wake hadithi kwa sauti. Mzee mmoja akasimama getini, kofia mkononi.

"Madam, habari ya boma?"

"Mzuri, mzee."

"Mimi ni naibu wa chifu wa hapa. Tunazunguka tu, kuangalia kama watoto wote wako shule. Hapa je?"

Nilisikia sauti ya kusoma ikikatika nyuma yangu. Neno liliishia katikati.

"Wa hapa wako shule," nikasema.

Alitazama dirisha. Alitazama nguo za watoto kwenye kamba. Kisha akasema asante, akavaa kofia yake, akaenda. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani alijua.

Wifi aliporudi alinishukuru, akaninunulia soda. Na mimi, nisikufiche, nilijisikia shujaa. Ni baadaye usiku nilipokumbuka kwamba mtu wa kwanza kunisikia nikidanganya serikali alikuwa mtoto wa miaka 9 aliyeniuliza kama wao ni wakora.

Alhamisi nilipanda matatu hadi Rongo, nikaunganisha hadi Migori mjini, halafu nduthi hadi upande wa Macalder, Nyatike, kumwona binamu yangu, mtoto wa mama mdogo. Nyatike ni nchi ya dhahabu. Mashimo yako mashambani, nyuma ya nyumba, kando ya njia, na sauti ya mashine za kusaga mawe haikomi mchana. Mume wa binamu alienda kutafuta kazi Isebania, na simu yake siku hizi huita tu. Binamu anaponda mawe kwa kilo, ana mtoto mchanga, na ana wakubwa wawili: msichana wa miaka 13 na mvulana wa miaka 12.

Hawa nao siku yao nikueleze. Saa kumi na moja wako macho. Msichana anachota maji, anawasha jiko, anapika chai ya rangi. Saa moja mama na mvulana wanaenda kwenye mashimo. Mvulana anabeba mawe kwenye gunia, anabeba maji ya kuoshea mchanga, na nilimwona kwa macho yangu akichanganya zebaki na mchanga kwa kiganja kitupu, akiusuguasugua taratibu kama mtu anayekanda unga. Zebaki hushika dhahabu. Pia hushika mishipa ya fahamu, na mwili wa mtoto huumia nayo kuliko wa mtu mzima. Msichana anabaki na mtoto mchanga mgongoni kutwa. Alimaliza Gredi ya 6, akafanya mtihani, akapita kwa alama ambazo alinionyesha mwenyewe kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Gredi ya 7 hakuingia. Ilikuwa Februari. "Nitaenda muhula ujao," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayekariri kitu alichoambiwa.

Jioni hiyo, tukila, nilimweleza binamu habari za Homa Bay. Nilimweleza kwa furaha kidogo, kama mtu anayeleta habari za mjini. Kwamba wifi anafundisha mwenyewe, kwamba watoto hawaendi shule, kwamba watu wengi siku hizi wanafanya hivyo hata Nairobi, kwamba inaitwa kusomesha nyumbani.

Binamu aliacha kula. Akasema: "Kumbe ina jina. Mimi nilidhani ni umaskini tu."

Hakuwa anatania, na wala hakuwa ananikubalia. Nililala na sentensi hiyo.

Hebu tuiangalie bila haraka. Ukisimama getini Homa Bay saa tano asubuhi unaona nini? Mtoto ambaye hayuko shule. Ukisimama Nyatike saa tano asubuhi unaona nini? Mtoto ambaye hayuko shule. Sheria yetu inasimama hapo getini. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Inasema elimu. Sheria ya 2013 ikaja ikasema shule, na mzazi asiyempeleka mtoto anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Katika pengo hilo la maneno mawili, elimu na shule, ndimo kaka yangu anamoishi na familia yake. Mwaka 2019 kulikuwa na wazazi waliokwenda Mahakama Kuu kubishania pengo hilo hilo. Nchi nyingine nazo hazijakubaliana. Ujerumani inamtaka kila mtoto darasani, na mwaka 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliiunga mkono dhidi ya familia moja iliyokuwa ikisomesha nyumbani. Marekani inaruhusu katika majimbo yote 50.

Jibu la haraka, ambalo nililitumia mimi mwenyewe usiku ule nikijigeuza kitandani, ni kwamba tofauti iko kwenye nia. Kaka na wifi wanataka watoto wasome. Binamu anataka watoto wale. Lakini jibu hilo lina uchafu ndani yake. Binamu naye anataka watoto wasome; ile karatasi ya mtihani iliyokunjwa mara nne imewekwa ndani ya Biblia, na si msichana aliyeiweka huko. Tofauti yao si mapenzi. Tofauti ni kwamba mmoja ana mume mwenye mshahara na meza ya kusomea, na mwingine ana simu inayoita tu. Nikisema sheria imwachie mwenye nia nzuri, ninachosema kwa kweli ni sheria imwachie mwenye uwezo wa kueleza nia yake kwa Kiswahili kizuri. Naibu wa chifu aliniamini mimi, mwanamke wa Nairobi mwenye miwani. Je, binamu angeaminiwa?

Jibu la pili ni matokeo. Tuwapime watoto: anayejua kusoma yuko sawa, asiyejua tumfuate mzazi wake. Hili lina nguvu zaidi. Lakini yule mvulana wa Nyatike anajua kusoma. Hesabu anaijua kuliko mimi. Bei ya gramu anaigawanya kichwani ukiwa bado unatafuta simu yako. Ukimpa mtihani leo huenda akapita. Je, zebaki kiganjani itakuwa halali kwa sababu amepita?

Kuna jibu la tatu ambalo vijana wasomi wenzangu wanalipenda, na mimi nililipenda sana nikiwa chuoni: kwamba shule yenyewe ni kitu cha kuletwa. Nyumbani ndiko tulikosomea tangu zamani. Nyerere alilisema jambo hili mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba kabla ya wakoloni watoto wa Kiafrika walijifunza kwa kuishi na kutenda, na kwamba shule ya kikoloni ilimtenga mtoto na watu wake. Kule kwetu pia hatuhitaji kwenda mbali. Misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay, ilianzishwa mwaka 1906. Kabla ya hapo watu wa ziwa hili hawakuwa wajinga. Walikuwa na siwindhe.

Lakini hebu tuiulize siwindhe vizuri, tusiitumie kama fulana ya kuvaa siku ya utamaduni. Siwindhe ilikuwa nyumba ya bibi mmoja ndani ya boma, aliyeitwa pim. Wasichana walilala kwake, na watoto wadogo pia, na hapo ndipo walipopata hadithi, vitendawili, majina ya nasaba, adabu, na mambo ya mwili ambayo mama hawezi kumwambia bintiye akimtazama usoni. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo wamemwandika pim katika kitabu chao kuhusu Siaya cha mwaka 1989. Na kitu kilichonishika ni hiki: mara nyingi pim hakuwa wa ukoo huo. Alikuwa mtu wa kuja. Alileta habari za nje, na alisikia ya ndani.

Yaani hata mababu zetu, ambao tunawasingizia kwamba walisomesha nyumbani, hawakumwachia mama na baba siku yote ya mtoto. Mchana mtoto alikuwa wa mama yake. Usiku alikuwa kwa pim. Aliyeonewa mchana alikuwa na mtu wa kumwambia usiku. Sidai kwamba kila pim alikuwa mtu mwema, au kwamba maisha hayo yalikuwa pepo. Nasema tu kwamba mtoto alikuwa na nyumba mbili, na kila nyumba iliweza kuuliza habari za nyingine.

Hapo ndipo nilipoanza kuona swali langu lilikuwa limekaa vibaya. Nilikuwa nauliza: mtoto ni wa nani, wa mzazi au wa serikali? Kama ng'ombe wa kugombaniwa. Swali lililonifaa zaidi ni jingine: kuna mtu gani, asiyefaidika na siku ya mtoto huyu, anayeweza kumuuliza, "Umeshindaje?"

Angalia jinsi lugha yetu inavyosalimia. Umeamkaje. Umeshindaje. Tunauliza siku ya mtu ilivyokwenda kabla ya kumuuliza lolote. Kwa watu wazima ni desturi tu, unajibu "salama" hata kama umefukuzwa kazi. Lakini kwa mtoto lile swali ni kinga. Angalia kisa cha wifi: yale mapigo ya shuleni yalijulikanaje? Hayakujulikana kwa ukaguzi, wala kwa sheria ya 2001. Yalijulikana kwa sababu shule ilikuwa nyumba moja, na kulikuwa na nyumba ya pili ambako mama alimvua mwanawe shati akauliza. Shule isiyo na mzazi wa kuuliza ni hatari. Na nyumba isiyo na mtu wa nje wa kuuliza ni hatari vile vile, tofauti ni kwamba hatupendi kusema, kwa sababu nyumbani ni nyumbani.

Lakini sisi wa kaunti hizi mbili hatuna ruhusa ya kujifanya hatujui. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Homa Bay na Migori, kila moja, asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Kitaifa ni asilimia 15. Nyuma ya namba hiyo kuna mambo mengi, umaskini, fuo za samaki, migodi, wanaume wazima wenye pesa kidogo na haya kidogo zaidi. Na kuna msichana anayeshinda nyumbani na mtoto mgongoni, ambaye kuanzia asubuhi hadi jioni hakuna mtu asiye wa boma lile anayejua amekula au amelia.

Kwa hiyo Ijumaa nilienda. Sikumwaga binamu. Nilimwambia naenda kununua kredo. Nilikaa kwenye lile benchi nikiwa najua kabisa ninachofanya: natumia dhidi ya mwanamke maskini sheria niliyoikwepa kwa ajili ya kaka yangu. Niliwaza kuondoka mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa tayari nimesimama, mlango ukafunguka.

Nilimwambia. Nilisema kuna msichana mmoja amepita Gredi ya 6 na hajaingia ya 7, kuna ndugu yake yuko mashimoni. Nikamwomba asiende na askari. Nikamwambia tatizo ni sare, pesa ya chakula cha mchana, na mtu wa kubaki na mtoto mchanga. Kwamba akienda na pingu atapata pingu tu. Sare nililipa mimi. Sisemi hivyo nisifiwe. Nasema kwa sababu bila hiyo sare ningekuwa nimepeleka jina la mtu tu.

Msichana aliingia Gredi ya 7 wiki iliyofuata. Mtoto mchanga huachwa kwa jirani mzee, kwa mia moja kwa siku, ambayo siku nyingine ipo na siku nyingine haipo. Mvulana huenda shule siku nne kati ya tano, nimeambiwa, na ile ya tano sitaki kuuliza sana yuko wapi. Si hadithi ya ushindi. Binamu hakuongea nami miezi miwili. Halafu siku moja akanitumia ujumbe mmoja tu: "Mimi ulinichomea kwa chifu. Wa kaka yako ulimchomea kwa nani?"

Sikuwa na jibu la kumtumia. Nilimpigia kaka.

Nilimweleza yote. Nikamwambia kwamba naiheshimu shule yao, kwamba nimeona kwa macho yangu watoto wanajifunza, na kwamba siku nyingine sitamdanganya mtu getini. Alikasirika, na ninamwelewa. "Unataka nifungwe kwa sababu mtoto wangu anasoma?" Nikasema hapana. Nataka sheria ibadilike iwatambue, iwape namba, iwape mahali pa kufanyia mtihani, na iwape mtu wa kuja kuwaona. Na ninataka wao waanze kuishi kana kwamba mtu huyo tayari yuko njiani. Kwa sababu hivi sasa, pamoja na Kiswahili na hesabu na miguu ya panzi, kuna somo moja linalofundishwa katika ile nyumba kila siku kuanzia saa mbili hadi saa tisa, na halimo kwenye ratiba: kwamba ukiwa na kitu kizuri, ukifiche. Na mtoto aliyefundishwa kuficha kitu kizuri atajua pia kuficha kibaya. Siku akiumizwa na mtu, ndani ya nyumba hiyo au nje, tayari anajua kunyamaza dirishani sauti ya mtu wa nje inaposikika.

Kaka alikata simu. Ni wifi aliyenipigia usiku.

Hakusema nimekosea wala nimesema kweli. Alisema kuna mwalimu mmoja mstaafu, mama wa mtaa wa pili, ambaye kwa miaka mingi alifundisha chekechea. Anafikiria kumwomba awe anakuja kila Ijumaa alasiri. Awasikilize watoto wakisoma. Na awatoe wamtembeze kidogo, bila mama yao, waongee wanayoyaongea. "Kama dani wa kuazima," akasema, akacheka kidogo. Sikumwambia kwamba mtu huyo zamani alikuwa na jina. Nilikumbuka binamu na nikanyamaza; wakati mwingine jina linamsaidia mwenye nalo tu.

Najua udhaifu wa jambo hili. Mwalimu mstaafu mmoja si sheria. Familia nyingine itamchagua rafiki atakayefumba macho. Nyingine haitachagua mtu yeyote, na ndiyo hiyo ambayo watoto wake wanamhitaji zaidi. Ndiyo maana siwezi kusema chifu aache kuzunguka. Nimeliona benchi lile. Namtaka azunguke Nyatike, na sina njia ya haki ya kumwambia azunguke Nyatike aruke kwa kaka yangu. Ninachoweza kudai ni kwamba akifika, awe amefundishwa kuuliza swali la pili. Asiishie "Wako shule?" Aulize pia, "Wanashindaje?" Kisha aruhusiwe na sheria kusikiliza jibu.

Juzi nilipiga simu Homa Bay. Aliichukua yule wa kati. Nikamuuliza ameshindaje, akanipa ripoti kamili: kuku mmoja ametaga nje, mdogo wake amejua kuandika jina lake lakini herufi moja inaangalia upande mwingine, yule bibi wa Ijumaa anapenda chai yenye sukari sana. Geti bado linafungwa hadi saa tisa. Baba bado hajaamua.

Halafu akanyamaza, nikasikia anahama na simu kwenda mahali ambapo hasikiki.

"Waya, ukikuja tena, na yule mzee wa kofia akuje, utamwambia aje?"

Nilimwambia nitamwambia aingie.

"Hata kama si saa tisa?"

"Hata kama si saa tisa."

Akafikiria. Kisha akasema basi atamsomea ile hadithi, kwa sababu siku ile hakuimaliza.